Utani wako ukikatwa na malipo yakikwama

Pole sana, ndugu. Umesema nusu ya utani ulioandika kwenye skripti ya filamu ulikatwa kabla ya kurekodi, na malipo ya rasimu ya pili hujayaona. Kukatwa ni kawaida: ukurasa mmoja wa skripti ya filamu ni takriban dakika 1, kwa hiyo kurasa zikizidi, watayarishaji wanaanza kufyeka utani usiosogeza kisa. Ufungamanishe utani wako na kile anachokitaka mhusika. Hapo hautoki bila hadithi kubomoka. Neno lenye kicheko likae mwisho kabisa wa sentensi, maana likifuatiwa na mengine linamezwa. Wape watu watatu wanne wasome kwa sauti, uweke alama pasipochekwa.

Malipo ndiyo yanayonitia wasiwasi. Kabla ya kukabidhi rasimu ya tatu, mpe mwanasheria wa hakimiliki mkataba wako ausome.