Unaijua Lamu, sawa. Nani amekwambia?

Mara kwa mara napata ujumbe wa kijana wa huku Amu, yaani Lamu, akiniuliza aanze vipi kuandikia Wikipedia ya Kiswahili. Swali huja na hofu mbili: kwamba lazima uwe fundi wa kompyuta, na kwamba lazima uwe msomi. Zote mbili hazina msingi. Simu yenye intaneti yatosha, na akaunti ni bure. Barua pepe si lazima unapojisajili, lakini iweke, maana ukisahau nywila na hukuweka barua pepe, akaunti imekwenda na maji.

Shida yetu sisi watu wa Lamu ni nyingine kabisa. Tunajua mno.

Mtu aliyezaliwa Mkomani na kukulia Langoni haoni kwa nini afungue kitabu ili aandike habari za mji wake. Anakaa, anaandika aya tatu kutoka kichwani, anahifadhi. Kesho yake akirudi anakuta zimeondolewa, na hapo hasira zinampanda: nani huyu anayenifuta, hata mashua ya Mokowe hajawahi kuipanda! Lakini msomaji aliyeko Bukoba au Kigoma hana njia ya kukujua wewe ni nani. Ndiyo maana Wikipedia inataka jambo lolote linaloweza kubishiwa lionyeshwe limetoka wapi: kitabu, gazeti, jarida la utafiti, tovuti ya taasisi inayoaminika. Kauli ya babu yako, hata awe nahodha aliyeijua bahari kuliko ua wa nyumba yake, haiingii mpaka mtu aichapishe mahali.

Kanuni hiyo inauma, sikatai. Elimu nyingi ya visiwa hivi iko vinywani. Fundi wa Matondoni anaunda jahazi zima bila mchoro, na hakuna aliyemwandika. Hata hivyo, nimesoma mabishano ya mtandaoni kuhusu ukoo gani ulitangulia kufika Pate, na nashukuru kwamba kuna mlango na kuna bawabu.

Dawa ni kuwatumia wazee kama watu wa kukuonyesha cha kutafuta. Chukua Ngome ya Lamu. Tuseme umekuta ukurasa wenye sentensi hii: "Ngome ya Lamu ni ya zamani sana na ni maarufu." Keti na wazee barazani, watakwambia waliiona ikiwa jela. Hiyo ni fununu nzuri, nawe uifuate kwenye maandishi: historia za Lamu zilizochapishwa, na yale yanayotolewa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambayo ndiyo yenye jengo sasa. Kisha rudi uandike: "Ujenzi wa Ngome ya Lamu ulikamilika mwaka 1821. Kuanzia 1910 hadi 1984 ilitumika kama gereza." Sentensi mbili, kila moja na rejeo lake. Lile neno "maarufu" limeondoka na hakuna aliyelililia. Kabla ya kuhifadhi, jaza kile kisanduku cha muhtasari: "Nimeongeza mwaka wa kukamilika na habari za gereza, pamoja na marejeo." Wageni wengi hukiacha kitupu, na wanaokagua mabadiliko ya karibuni huanza kukutilia shaka hapo hapo. Mtu akitaka kukupinga baada ya hayo, itabidi abishane na kitabu.

Kwa hiyo anzia kwenye ukurasa uliopo. Kurasa nyingi za Kiswahili zina maneno chini kabisa yanayosema makala "bado ni mbegu". Hizo ndizo zako. Rekebisha tahajia, weka nukta, ongeza mwaka, unganisha jina la mji kama Siyu au Faza na ukurasa wake. Ukitaka kujaribu kitu bila kuharibu, unao ukurasa wako wa mazoezi. Ukurasa mpya uje baadaye, ukishaona wenzako wanavyoandika. Na tafadhali, usianzishe ukurasa wa nyumba ya wageni ya mjomba wako, wala wa kikundi chako cha kasida, wala wako wewe mwenyewe. Najua umeshafikiria. Kila mgeni hufikiria, na wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia, wanaunusa kabla hujamaliza kuhifadhi.

Usimwage pia tafsiri ya mashine. Makala ndefu iliyotafsiriwa na programu, ambapo "bandari" imegeuka kitu kingine na sentensi zinakwenda mguu upande, ni kazi kubwa kuisafisha kuliko kuiandika upya. Mwaka 2009 Google waliandaa shindano la makala za Wikipedia ya Kiswahili, lenye zawadi, kwa wanafunzi wa vyuo. Makala ziliongezeka kwelikweli, lakini zawadi zilipokwisha wengi wa walioandika hawakuonekana tena, na wachache waliobaki ndio waliorithi usafi. Mtu mmoja anayerekebisha aya moja kwa wiki ana faida kuliko hao.

Ambao kuandika si fani yao, waingie kupitia picha. Hapa mwenyeji ana nafasi ambayo mgeni wa siku tatu hana. Picha za Wikipedia huwekwa Wikimedia Commons, ghala lake la picha, na zikishafika huko zinaweza kutumika katika lugha zote. Punda wametosha. Jahazi lenye tanga wakati wa magharibi limetosha. Kisichotosha ni kazi: mikono ya fundi ikipiga kalafati, yaani kuziba nyufa za chombo, mkeka ukisukwa, zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za nyumba ya mawe zikiwa na vyombo vyake, boriti za dari kutoka chini. Picha iwe umepiga wewe. Iliyozunguka kwenye WhatsApp ina mwenyewe hata kama humjui, na itafutwa. Jina la faili liseme kitu: "Fundi akikalafati jahazi, Matondoni, Lamu" linatafutika, "picha mpya 2" halitafutiki. Elewa pia leseni unayoikubali: yeyote anaweza kuitumia picha hiyo, hata mwenye kuuza kalenda, ilimradi akutaje. Kama hilo halikai moyoni, usiiweke.

Na omba ruhusa. Ndani ya nyumba za watu ni lazima. Kina mama wanaopita kichochoroni na buibui zao hawakutoka ili wawe mapambo ya ukurasa wa mtu, na sheria ikikuruhusu, mtaa hautakuruhusu. Kwa fundi, salamu kwanza, kaa kidogo, mweleze picha inakwenda wapi, ndipo utoe simu. Wengi watakubali, na wengine watakusahihisha jina la kifaa ulilokuwa ukiliandika vibaya.

Badiliko lako likifutwa na ukurasa kurudishwa ulivyokuwa, tazama historia ya ukurasa uone aliyelifuta na sababu aliyoiandika. Usirudishe yako papo hapo, maana hiyo vita hakuna anayeishinda na unaweza kufungiwa. Nenda ukurasa wa majadiliano, andika "Ndugu, naomba kujua tatizo liko wapi", utie saini kwa viwimbi vinne ~~~~, kisha usubiri siku kadhaa. Wanaoiendesha Wikipedia ya Kiswahili ni watu wachache wa kujitolea wenye kazi zao nyingine.

Jambo la mwisho wengi hawalijui. Akaunti ikifikisha miezi 6 na mabadiliko 500, na ukawa umefanya angalau 10 katika mwezi uliopita bila kufungiwa, unafunguliwa Maktaba ya Wikipedia. Humo unasoma bure mengi ya kulipia, ikiwemo JSTOR, hazina ya majarida ya utafiti. Utafiti mwingi kuhusu Lamu na mwambao umelala kwenye majarida kama hayo, na sehemu yake imeandikwa na watu waliosafiri kuja kuwahoji wazee wa mitaa yetu hii. Nukta uliyoiweka leo kwenye ukurasa wa Faza inahesabiwa katika zile 500 sawa na aya nzima.