Wamesitisha au wamekomesha?

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia, Kondoa, na ninaandaa somo kuhusu Ireland Kaskazini. Je, niandike kwamba IRA, wale wapiganaji waliotaka kuitoa Ireland Kaskazini katika utawala wa Uingereza, "walisitisha" au "walikomesha" mapigano? Redioni husikia "usitishwaji wa mapigano wa muda".

Jibu: Mwalimu, swali lako ni dogo, ila umenitonesha kidonda. Kitenzi kusitisha kimetokana na kusita. Anayesita mguu wake ungali njiani. Kwa hiyo "kusitisha kwa muda" ni kutia maji baharini. Hapa Dodoma ipo ofisi, sitaitaja, iliyobandika dirishani: "Huduma zimesitishwa kwa muda." Muda gani? Tangu tangazo hilo libandikwe, zabibu zimevunwa mara mbili na karatasi imekuwa na rangi ya chai. Wangeandika "hadi Ijumaa" tungesubiri; wangeandika "zimekomeshwa" tungekwenda zetu. Hili "kwa muda" linatupanga foleni tu, wala halitwambii tunangoja nini.

"Usitishwaji" ndio balaa zaidi. Hiyo -w- ya kutendwa imepenyezwa ndani ya nomino ili mtendaji afichike, kana kwamba bunduki zilinyamaza zenyewe. Andika "usitishaji", kisha umtaje aliyesitisha.

Sasa Ireland. Mwaka 1972 IRA walisimamisha mashambulizi tarehe 26 Juni, wajumbe wao wakakutana kwa siri na waziri wa Uingereza, William Whitelaw, jijini London tarehe 7 Julai, na tarehe 9 mapigano yakarejea: hapo andika "walisitisha" bila wasiwasi. Tarehe 31 Agosti 1994, hata hivyo, walitangaza kwamba operesheni zao zinakoma kabisa, na serikali ya John Major, waziri mkuu wa Uingereza, ikaling'ang'ania neno hilo: je, "kabisa" ndiyo "daima"? Wapo walioona ni kisingizio cha kuchelewesha mazungumzo. Mimi niliyezeekea kwenye kamusi naona ni nadra serikali kusoma kwa makini kiasi hicho. Mwezi Oktoba serikali hiyo ilikubali kuchukulia kuwa "daima" ndiyo iliyokusudiwa. Tarehe 9 Februari 1996 bomu la IRA likalipuka Docklands, London, likaua watu wawili.

Basi kwa mwaka 1994 andika "walitangaza kukomesha", maana ndicho walichosema, na ukifika 1996 waeleze wanafunzi kwamba kumbe walikuwa wamesitisha. Mkuu wako wa idara akishikilia "kwa muda", mwachie, nami nimechoka kugombana. Ila "usitishwaji" usimwachie.