Nikiondoka leo, kasuku wangu atabaki na nani?

*Shangazi mpendwa, nina miaka 66, ni mjane, naishi peke yangu na kasuku wa kijivu wa miaka 12 na paka jike wa miaka 6. Mwezi uliopita nililazwa ghafla siku nne. Hakuna aliyejua kuna viumbe ndani mpaka siku ya pili, jirani aliposikia makelele. Mwanangu yuko nchi nyingine, husema tu, "Usijali mama, nitawachukua." Niwaandike kwenye wosia? Au niagize wachomwe sindano siku nitakapokufa, wasije wakateseka? – Mama Kasuku*

Shikamoo mama, na pole kwa kuugua.

Tuanze na sindano, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi. Usiagize. Paka anayeishi ndani hufika miaka 15, wengine hata 20, na kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri huishi miaka 40 hadi 60. Madaktari wa mifugo wengi hukataa kumuua mnyama mwenye afya, kwa hiyo ungemwachia msimamizi wa mirathi ugomvi tu. Wote wawili wanaweza kuzoea nyumba nyingine, ila kasuku atachukua muda.

Wosia uandike, lakini usiutegemee. Kwa kawaida husomwa baada ya mazishi, na taratibu za mirathi huchukua wiki au miezi. Paka aliyekosa chakula siku mbili tatu, hasa akiwa mnene, mafuta huanza kujaa kwenye ini, na ugonjwa huo huua. Tena ulipolazwa ulikuwa hai, wosia usingesaidia chochote. Kwanza panga saa 72 za mwanzo.

Chukua kadi ndogo uandike: "Nyumbani kwangu kuna paka 1 na kasuku 1, hawana mtu. Tafadhali piga simu," kisha namba za watu wawili. Moja ikae kwenye pochi nyuma ya kitambulisho, nyingine ibandikwe ndani ya mlango wa mbele. Hao wawili wawe na ufunguo mkononi, si ahadi ya kupewa. Weka akiba ya chakula cha wiki mbili, na juu yake karatasi ya ukurasa mmoja: kila mnyama anakula nini, gramu ngapi, saa ngapi, dawa gani, daktari wake ni nani. "Chakula kidogo asubuhi" haimsaidii mgeni, pima uandike. Ongeza sentensi moja ya kumruhusu aliyeshika karatasi ampeleke mnyama kwa daktari na kukubali matibabu, uweke sahihi. Hati ya uwakilishi, ile inayompa mtu mamlaka ya kutenda kwa niaba yako, ni nzuri ukiwa mgonjwa, lakini nguvu yake huisha ukifa.

Sasa huyu mwanao. "Usijali mama" ni neno la kukutuliza, si jibu. Muulize moja kwa moja: mwenye nyumba wako anaruhusu wanyama? Mkeo amekubali? Ukisafiri anabaki nani? Kisha kuna mpaka. Tangu 2017 kasuku wa kijivu yuko kwenye Kiambatisho cha I, orodha yenye masharti makali zaidi, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kumvusha kunahitaji vibali vya nchi anayotoka na ya anakoingia, pamoja na ushahidi kwamba ulimpata kihalali. Stakabadhi zake zitafute ukiwa hai, maana wewe ndiye unayejua ziliko. Hata hivyo, kwa kasuku ningetafuta mtu wa hapo hapo ulipo, aliye chini ya miaka 40, na msaidizi nyuma yake. Ukimpa rafiki wa rika lako, tatizo ni lile lile, limeahirishwa tu. Na si lazima wakae pamoja. Paka na kasuku hawadaiani chochote.

Unapomwomba mtu, mpe nafasi ya kukataa. Sema: "Nataka jibu la kweli, ukisema hapana sitanuna." Akikubali, akae na kasuku wiki nzima ukiwa hai na karibu na simu. Wengi hubadili mawazo hapo, na ni heri wabadili sasa. Mwambie apime uzito wa kasuku kila asubuhi kwa mizani ya jikoni. Wengi wa aina hii huwa na gramu 400 hadi 500, na akipungua asilimia 10, ni daktari siku hiyo hiyo. Asipike kwa kikaango kisichogandisha karibu naye: kikipata moto kupita kiasi hutoa mvuke unaoua ndege kwa dakika chache. Parachichi na chokoleti ni marufuku. Akikosa mtu wa kuongea naye, hujinyonyoa manyoya. Na umuonye hili mapema: huenda kasuku akaendelea kuita na kucheka kwa sauti yako. Kuna waliovumilia kelele zote, hilo likawashinda.

Paka ana masharti machache. Aanzie chumba kimoja chenye sanduku lake la mchanga na kitambaa ulichokilalia ambacho hakijafuliwa, na asitoke nje wiki mbili hadi tatu, la sivyo atarudi kutafuta kwenu.

Fedha zinakuja mwisho. Katika nchi nyingi mnyama ni mali, hawezi kurithi. Unamrithisha mnyama kwa mtu aliyetajwa jina, na fedha zinakwenda kwa mtu huyo au kwenye amana, yaani fedha anazoshikiwa na mdhamini kwa kazi hiyo tu. Amana ni salama zaidi kama mdhamini anayeshika fedha si yule anayelea, na anatoa kidogo kidogo akishaona mnyama yupo. Kadiria hivi: matumizi ya mwezi mara 12, mara miaka iliyobaki (paka wako mpe 12, yaani miezi 144), ongeza gharama ya upasuaji mmoja. Usizidishe. Mwaka 2007 tajiri wa Marekani, Leona Helmsley, alimwachia mbwa wake Trouble dola milioni 12. Mwaka uliofuata jaji alizipunguza hadi milioni 2, na kaka yake Helmsley, aliyetajwa kumlea mbwa huyo, alikataa. Fedha zilikuwepo, mlezi aliyetajwa hakuwepo.

Wakili akuandikie kipengele chenye jina la mlezi wa kwanza, wa pili, na ruhusa kwa mdhamini kutafuta wa tatu. Atumie maneno "wanyama nitakaokuwa nao siku ya kufa kwangu", ili usirudi kulipa kila paka anapobadilika. Namba za kwenye kadi zihakiki kila mwaka siku ya chanjo ya paka, na kadi ya pochi iwe tayari kabla hujarudi kliniki.