Kabla hujashika bisibisi, fungua menyu

Vijana wangu mnaoanza na deki ndogo za DVD zenye kioo chake, nimewavumilia vya kutosha. Nikigeuka tu, namkuta mmoja ameshafungua skrubu za mgongoni, lenzi iko wazi inakula vumbi, kumbe deki ilikuwa nzima. Nyingi zinazoitwa mbovu zimepangwa vibaya tu. Nawapenda, ndiyo maana nawagombeza.

1. Picha kwenye TV haina rangi au inapanda na kushuka? Angalia kwanza kwenye menyu PAL na NTSC, mifumo miwili ya kutuma picha kwenye TV. PAL ina mistari 576 ya picha na fremu 25 kwa sekunde. NTSC ina 480 na fremu 29.97. Mteja atakwambia "mbona kwenye kioo chake inaonekana safi?" Ni kweli, kioo cha deki hupokea zote mbili, TV ya zamani ndiyo inayokataa.

2. Waigizaji wamekonda na kurefuka kama mianzi: picha pana ya 16:9 imebanwa kwenye kioo cha 4:3. Kwenye menyu, LB (letterbox) inakupa picha nzima yenye mistari myeusi juu na chini, PS (pan and scan) inakata pembeni. Mimi siipendi PS hata kidogo. Inakunyima nusu ya mazungumzo ya watu wawili waliosimama mbalimbali.

3. Waya wa AV, unaopeleka picha na sauti kwenye TV. Hapa tukae, maana hapa ndipo panaponiuma. Kijana niliyekuwa nikimfundisha, mwenye mikono mizuri kuliko wengi, alipokea deki pamoja na waya ulioazimwa kutoka kwenye kamera ya video. Akachomeka: TV haina picha, spika inanguruma. Akaamua sehemu ya picha imeungua. Akafungua, akapasha moto miguu ya tundu la AV, akarudia tena na tena, mpaka njia ya shaba ikabanduka kwenye bodi. Nilipofika machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Sasa sikilizeni. Jeki ile ya milimita 3.5 ina sehemu nne: ncha, pete mbili na shina. Watengenezaji hawakukubaliana picha ipite wapi na ardhi (njia ya umeme kurudi) ikae wapi, kwa hiyo waya mbili zinazofanana kabisa kwa macho zinaweza kupishana ndani. Mngurumo ule ulikuwa picha yenyewe, imeingia kwenye njia ya sauti. Dawa yake? Chomoa plagi nyekundu, ya sauti, ichomeke kwenye tundu la njano, la picha. Ikikataa, jaribu nyeupe. Zote zikigoma, huenda ardhi ndiyo iliyopishana: pima kwa mita ujue shina limeungana na nini, kisha tafuta waya wa deki hiyo. Kazi ya dakika chache, bila skrubu hata moja! Yule kijana siku hizi hupima waya kabla hata hajawasha TV, na ninajivunia.

4. Milipuko inapasua masikio lakini maneno hayasikiki kwenye hedifoni? Kwenye sauti ya 5.1, yaani ya chaneli sita, mazungumzo mengi hupita chaneli ya katikati, na chaneli zote zikikunjwa kuwa mbili, maneno humezwa. Chagua sauti ya stereo kwenye menyu ya diski. Ukitoa sauti kwa njia ya dijitali na TV ikawa bubu, toka bitistrimu (sauti iliyofungashwa, TV iifungue yenyewe) uweke PCM (sauti ambayo deki imeshaifungua). TV nyingi hazifungui DTS, aina mojawapo ya sauti iliyofungashwa.

5. Diski ya kurekodi inasoma kwenye mashine iliyoirekodi tu? Haikufungwa rasmi mwishoni (finalize). Irudishwe huko ikafungwe. Na diski ya kanda 1 (region, eneo la dunia inaporuhusiwa kuchezwa), ya Marekani na Kanada, ikikataliwa na deki ya kanda 2, lenzi haina kosa.

6. Futeni diski kutoka katikati kwenda ukingoni, moja kwa moja. Data imeandikwa kwa mzunguko, hivyo mchubuko unaokatiza njia unagusa kidogo kidogo na deki inaweza kusahihisha. Mchubuko unaofuata mzunguko unafuta kipande kirefu mfululizo, na hapo deki haina la kufanya. Kwenye CD chungeni zaidi upande wa maandishi, kwa sababu tabaka linaloakisi mwanga liko chini ya rangi hiyo hiyo.

7. Adapta ngeni: someni voti, kisha mchoro wa chanya na hasi pembeni ya tundu. Vikipishana na vya deki, usichomeke hata kwa kujaribu.