Mafuta ya karafuu, lavenda na "dawa ya uchungu" kwa mjamzito: ninavyojua mimi mkunga

Mdogo wangu uliyeuliza, umesema una mimba ya miezi saba, ya kwanza, na nyumbani kwako vipo vitu vitatu: kichupa cha mafuta ya karafuu alichokuletea mama mkwe kutoka Pemba, seti ya mafuta ya kunusa uliyouziwa na shoga yako yenye lavenda, mkaratusi na mnanaa, na chupa ya maji ya mizizi ambayo shangazi wa mume anataka uanze kuinywa ukiingia mwezi wa tisa ili "njia ilainike". Waliokujibu kabla yangu wamegawanyika. Wengine wanakwambia tupa vyote, wengine wanasema bibi zetu walizaa watoto kumi kwa mizizi hiyohiyo.

Mimi ni muuguzi mkunga, nimefanya kazi wodi ya wazazi mkoani Tanga kwa miaka mingi. Nimezaa hukuhuku Tanga, nimekandwa, nimefukizwa udi, na mama yangu alinipikia uji wa pilipili manga. Kwa hiyo sina dharau na mambo ya nyumbani. Lavenda unaweza kuitumia kwa masharti nitakayokupa. Karafuu iweke kabatini mpaka ujifungue. Chupa ya shangazi usiionje hata kijiko.

Nianze na mafuta. Watu wanachanganya karafuu ya kwenye pilau na mafuta ya karafuu, wakidhani ni kitu kilekile. Pale Wawi, Chake Chake, hukohuko Pemba, kuna kiwanda kinachochemsha makonyo (vikonyo vya karafuu) na majani ya mkarafuu kwa mvuke, kisha wanakusanya mafuta yanayotoka. Mzigo mkubwa wa makonyo unatoa mafuta kidogo tu, ndiyo maana tone moja lina nguvu ambayo huwezi kuipata kwenye chakula hata ukila pilau wiki nzima. Mafuta hayo yana kemikali iitwayo eujenoli kwa wingi sana. Yakipakwa bila kuchanganywa yanachoma ngozi, na mjamzito ngozi yake ni nyepesi kukasirika. Yakimezwa yanaunguza koo na tumbo, yanaweza kuumiza ini, na yanapunguza uwezo wa damu kuganda. Mtu anayekwenda kujifungua anahitaji damu igande. Karafuu ya kwenye chai na wali endelea nayo, haina neno.

Lavenda ni pole zaidi. Kule Oxford, Uingereza, hospitali ya John Radcliffe iliruhusu wakunga waliofundishwa kuwapa akina mama mafuta ya kunusa na kukandia wakiwa kwenye uchungu, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2000. Walikuwa akina mama 8,058 katika kipindi cha miaka minane, na waliopata kero kama kichefuchefu, upele au kichwa kuuma walikuwa asilimia moja hivi. Wengi walisema yaliwapunguzia hofu. Lakini soma vizuri hapo: wakunga waliofundishwa, mafuta machache yaliyochaguliwa, kiasi kilichopimwa, na wote wakiwa ndani ya hospitali.

Kiasi chenyewe ni hiki. Kwa mjamzito tunakaa kwenye asilimia moja, yaani tone moja kwenye kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya nazi, au matone matatu kwenye kijiko kikubwa cha mezani. Jaribu kwanza kidogo ndani ya kiwiko, subiri mpaka kesho yake. Kama hakuna wekundu wala muwasho, mumeo akukande mgongo na miguu. Tumbo liache. Kwa kunusa, tone moja kwenye kitambaa linatosha, dakika chache, dirisha likiwa wazi. Ukisikia kichefuchefu, weka mbali. Miezi mitatu ya kwanza mimi nawashauri wasitumie kabisa, na mwenye pumu, mwenye historia ya kifafa, aliyewahi kutokwa damu katika mimba hii au mwenye presha asitumie mpaka aongee na daktari wake. Mkaratusi kunusa kidogo ukiwa na mafua sawa, ila kichupa kifungwe na kiwekwe juu sana. Mtoto akimeza, hata kidogo, anaweza kupata degedege. Na angalia kichupa: kama hakina jina la kisayansi la mmea, hakina tarehe, kimeandikwa "lavenda" tu, huenda ni manukato ya dukani. Mrudishie shoga yako.

Kuna mafuta mengine hukuyataja lakini najua yatakufikia. Mafuta ya mnyonyo kwa nywele paka upendavyo. Kuyanywa ili uchungu uanze ni jambo jingine. Yanachochea utumbo na mfuko wa uzazi kwa pamoja, na ninachokiona mimi ni mama anaingia leba ameharisha na kutapika usiku kucha, amekauka maji, nguvu za kusukuma hana. Habasoda ya kunyunyiza kwenye mkate sawa, mafuta yake kwa vijiko hapana. Majani ya mlonge ni mboga nzuri, mizizi na magome yake usiguse. Shubiri usinywe. Muarobaini usinywe pia; majaribio kwa wanyama yameonyesha unaweza kuharibu mimba, na wengi wanaunywa kukinga malaria wakati kinga tunayo kliniki: vidonge vya SP kuanzia wiki ya 13, angalau dozi tatu zikipishana mwezi mmoja au zaidi, pamoja na kulala ndani ya chandarua.

Tangawizi, hiyo naitetea. Kichefuchefu cha mimba kinatulia kweli kwa tangawizi, na tafiti nyingi zimetumia gramu moja ya unga wake kwa siku. Kipande kidogo kwenye maji ya moto, mara mbili kwa siku, kinakutosha. Ukitapika mpaka mkojo unakuwa wa rangi nzito, acha tangawizi uje hospitali uwekewe maji.

Kuhusu pemba, ule udongo wa vijiti unaouzwa sokoni, nitasema kwa ufupi kwa sababu najua hamu yake. Unazuia madini chuma kuingia mwilini, kwa hiyo FEFO unazomeza, vile vidonge vya kuongeza damu vya kliniki, zinapotea bure, na vipimo vya udongo wa kula katika nchi mbalimbali vimekuta risasi na aseniki ndani yake. Hamu kali ya udongo mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua. Omba upimwe wingi wa damu.

Sasa chupa ya shangazi. Hapa naomba unisikilize, maana hapa ndipo nilipoona watu wakipotea.

Uchungu wa kawaida una mapumziko. Mfuko wa uzazi ukikaza, damu inayokwenda kwenye kondo la nyuma inapungua. Ukilegea, mtoto anapata hewa tena. Kwa mama ambaye uchungu wake umekomaa tunategemea mikazo mitatu mpaka mitano ndani ya dakika kumi. Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu zinaweza kuondoa yale mapumziko. Hospitali nasi tunayo dripu ya kuongeza uchungu, lakini tunaianza kwa matone machache, tunapandisha kidogo kidogo, tunasikiliza moyo wa mtoto muda wote, na mambo yakiharibika tunaifunga. Kikombe kikishanywewa hakifungwi. Hakuna anayejua mzizi ule ulikuwa na nguvu kiasi gani, wa mwaka huu au wa mwaka jana, umechemshwa mara ngapi.

Aliletwa mama mmoja usiku, mimba ya tatu, hana shida yoyote kwenye kadi. Niliweka mkono tumboni nikitafuta pale linapolegea, halikulegea. Lilikuwa gumu kama ubao, na yeye alikuwa akilia bila kupata nafasi ya kuvuta pumzi. Nilipompima njia ilikuwa imefunguka sentimita nne tu. Chupa ya uzazi ilipopasuka yalitoka maji ya kijani, mtoto ameshajisaidia ndani. Mapigo ya moyo yalikuwa yanashuka na kuchelewa kupanda. Nikamuuliza, akanyamaza na kumtazama wifi yake. Wifi akanivuta koridoni, akafungua kikapu, akanionyesha chupa ya chai. Ndani yake kulikuwa na maji ya kahawia, yamebaki nusu, bado ya moto. Walikuwa wamempa kikombe nyumbani na kingine wakiwa njiani, kwenye bajaji.

Kule kuniambia ndiko kulikomwokoa. Nilimlaza ubavu wa kushoto, nikamwekea maji, nikamwita daktari nikamweleza alichokunywa, na akapelekwa upasuaji bila kusubiri. Mtoto alitoka amelegea, tukampulizia hewa kwa mfuko na barakoa mpaka akalia. Lakini nimewaona pia ambao hawakusema. Mama amekunywa kimya, zamu imebadilika, njia haifunguki, anawekewa dripu ya uchungu juu ya dawa ambayo hakuna anayeijua. Mfuko wa uzazi unaweza kupasuka, hasa kwa aliyezaa mara nyingi au mwenye kovu la operesheni. Ukipasuka, tunazungumzia dakika.

Kwa nini hawasemi? Wanaogopa kugombezwa, na ni kweli tunawagombeza. Wauguzi wenzangu mnaosoma hapa, mama akikwambia "nilikunywa kitu", usimpigie kelele mbele ya wodi nzima. Mshukuru, uliza nini na saa ngapi, andika kwenye faili. Ukimtukana huyo, watano walio vitanda vya jirani watafunga midomo. Na wanafamilia, acheni ile kauli kwamba uchungu ukichelewa basi mama alitoka nje ya ndoa. Nimeona wanawake wanakunywa mizizi kwa aibu ya kauli hiyo, na hakuna mahali popote uzazi unafanya kazi hivyo. Mimba ya kwanza uchungu huchukua muda mrefu, ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo shangazi mwambie hivi: "Shangazi, kliniki wamenikataza kunywa chochote, lakini naomba uje nami leba." Uliza hospitali yako kama wanaruhusu msindikizaji, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama awe na mtu wake. Atakukanda kiuno kwa mafuta ya nazi, atakutembeza, atakunywesha maji na uji. Hayo yanasaidia uchungu kusonga. Ukipitisha tarehe, rudi hospitali waihakiki na kupanga. Usikae nyumbani kufika wiki ya 42. Na ukiona damu, maji yakitoka kabla ya wakati, kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, uso na mikono imevimba, homa, au mtoto hachezi kama kawaida, ondoka usiku huohuo. Mama akishikwa na kifafa cha mimba watu wanawahi kumchomea ubani na kumnusisha kafuri wakidhani ni shetani. Anachohitaji ni dawa iitwayo magnesiamu salfeti, na iko hospitali.

Ya baada ya kuzaa hukuuliza, lakini kwa mila za pwani yatakuja. Kukandwa kwa maji ya moto: maji yawe vuguvugu la kuvumilika kiganjani, na kama umezaa kwa kisu, kidonda na tumbo viachwe kabisa. Kukalia moshi au maji yanayochemka ukiwa na mshono, hapana, nimetibu majeraha ya moto yaliyoanza hivyo. Fukizo la udi lifanyike chumba asichokuwemo mtoto. Kitovu kikae kikavu, bila mafuta, bila mate, bila unga wa aina yoyote. Mafuta yenye kafuri na mentholi usimpake mtoto kifuani wala puani. Chini ya miaka miwili hayafai.

Na nguo za mtoto ulizohifadhi, kama uliweka vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo, zifue zote na kuzianika juani kabla hajavaa. Watoto wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na hapa pwani wapo wengi, chembe zao nyekundu za damu hupasuka kwa mvuke wa vidonge hivyo. Mtoto akiwa wa manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au manjano ikifika viganjani na nyayoni, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.