Wadogo zangu wa ultrasaundi, msiishie kwenye kovu

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya ultrasaundi, mgonjwa akija na fomu imeandikwa alishafanyiwa upasuaji wa kansa ya ngozi, cheki kama imerudi, wengi mnaweka probu juu ya kovu, mnaona pako safi, mnaandika ripoti anayefuata aingie. Hapana jamani. Ikirudi si lazima irudi palepale, mara nyingi inafuata njia ya limfu, ile mishipa midogo ya majimaji ya mwili, na wewe ifuate hiyohiyo taratibu toka kovuni mpaka kwenye tezi za limfu. Melanoma, ile kansa ya ngozi inayoanzia kwenye seli za rangi, ikiwa ya unyayo unapanda nyuma ya goti halafu kinena. Ndugu zetu wenye ualbino wanaokuja na kansa ya uso au sikio, pita tezi ya mate mbele ya sikio ushuke shingo yote, pande zote mbili.

Probu ya tumbo achana nayo, chukua ile bapa, megahezi 12 kwenda juu ukiipata. Jeli weka nyingi na mkono uwe mwepesi, ukikandamiza kinundu cha milimita 3 kinakupotea hivihivi unaangalia. Tezi nzima imekaa kama haragwe, katikati nyeupe na damu inaingilia hapo katikati. Sasa ukikuta imeviringika, ule weupe umepotea au ganda limevimba upande mmoja, dopla inaonyesha damu inaingilia pembeni, hiyo usiiache hata kama ni ndogo ukipapasa huisikii. Ila ultrasaundi haisemi ni kansa, sindano ya kuchukua sampuli ndo inasema, na kovu bichi nalo linatoka jeusi kwenye skrini kwa hiyo fungua picha za nyuma ulinganishe.

Msiione kazi ndogo hii. Utafiti wa MSLT-II uliotoka 2017 ulikuwa na wagonjwa wa melanoma zaidi ya 1,900 ambao kansa ilishafika tezi ya kwanza kwenye njia ya limfu, waliofuatiliwa kwa ultrasaundi, kila miezi 4 kwa miaka 2 ya mwanzo, waliishi sawa na waliotolewa tezi zote za eneo hilo, na waliovimba mkono au mguu walikuwa kama asilimia 6 badala ya 24.

Ukipata kitu andika kina chake na umbali toka kovuni, futa jeli, weka alama ya kalamu kabla mgonjwa hajanyanyuka. Na mama akikuuliza "mwanangu, imerudi?" usimwambie hamna kitu ili afurahi, mwambie kuna tezi inatakiwa sindano, halafu mpeleke mwenyewe kwa daktari siku hiyohiyo, asiambiwe arudi wiki ijayo wakati nauli yenyewe kaikopa.