Mbegu, zamu za maji na trekta: maswali ya wasomaji

Msimu uliopita mahindi chotara yalizaa sana. Nikatunza mbegu, nikamgawia na shemeji. Mwaka huu mengine mafupi, mengine magunzi tu. Niliuziwa feki? (Kahe)

Hukuuziwa feki. Chotara hutokana na wazazi wawili tofauti, na nguvu ile hukaa kizazi kimoja tu. Ukipanda punje ulizovuna, kila mche hushika sifa za upande wake, ndiyo maana chotara hununuliwa kila msimu. Ukitaka mbegu ya kutunza na kugawana na ndugu, panda Staha au TMV-1, ambazo si chotara. Kaa mita 200 mbali na chotara ya jirani, kwani chavua husafiri na upepo. Chagua mahindi ya mbegu yakiwa bado shambani. Kwenye rundo huoni tena mche uliougua au ulioanguka.

Jirani amenunua pampu, anavuta maji ya mfongo (mfereji wetu wa asili) usiku nje ya zamu. Umwagiliaji wa matone utatuondolea ugomvi? (Machame)

Matone huokoa maji, ila hayapatanishi watu. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, Kilimanjaro, ulipokamilika mwaka 1987, mpunga ulilipa sana, hata wakulima wa juu ya banio (mahali mfereji unapochukulia maji mtoni) nao wakafungua majaruba, na mashamba ya chini yakapungukiwa maji. Kwa hiyo anzeni na zamu: ziandikwe, na pampu ihesabiwe ndani yake. Mwenye matone naye asikwepe msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kuzibua mfongo, maana tenki lake hujazwa na mfereji huohuo.

Kuhusu mipira ya matone yenyewe, inua tenki walau mita 1. Maji ya mfongo yana tope, basi yaache yatuame, yapitishe kwenye chujio, na uoshe chujio kila unapomwagilia. Kila wiki fungua ncha za mipira mpaka maji yatoke safi. Ukiona mche mmoja umenyauka katikati ya mstari mbichi, tundu lake limeziba. Usilichokoe kwa sindano, litapanuka na kuwanyima maji wenzake.

Tumelima kwa trekta miaka mingi, sasa maji ya mvua yanatuama shambani. Kwa nini? (Monduli)

Chimba shimo la sentimita 40, kisha choma kisu ukutani, ukishuka kidogo kidogo. Kikigoma kwenye sentimita 15 hadi 20, na mizizi ikajikunja hapo kama kiwiko, hilo ndilo linalozuia maji kushuka: tabaka gumu lililoshindiliwa na plau inayopita kina kilekile kila mwaka. Lipasue kwa jembe tindo (lenye meno ya kupasua chini bila kugeuza udongo) kabla ya mvua, udongo ukiwa mkavu. Udongo wenye unyevu hukatwa tu, haupasuki.